Inzoka Niliyokuambia Asubuhi

Shangazi Xavérine,

Chai iko kwenye chupa. Sanduku lililo chini ya kitanda changu usilifungue, tafadhali. Na lile karai la bluu lisiingie jikoni.

Uliponiuliza asubuhi kwa nini kila siku najifungia chumbani, nilijikaza nikasema kwa Kinyarwanda, "Mfite inzoka." Ukashika kichwa: "Kumbe! Ndiyo maana unakondaka vile, mutoto wangu!" Ukatoka mbio na kandambili zisizofanana, ukarudi na vidonge vya minyoo. Nikaona haya kukusahihisha.

Sina minyoo, Shangazi. Nina nyoka; Kinyarwanda chetu huviita vyote viwili inzoka. Ni mdogo, wa kahawia, hana sumu. Tunachora pamoja: namwacha atambae kwenye maji ya bitiruti, kisha juu ya karatasi. Rangi ya dukani simpaki kamwe, itamdhuru. Tukimaliza namwosha kwa maji ya uvuguvugu kwenye karai lile, nami nanawa kwa sabuni. Kwa hiyo wekundu uliouona kwenye shuka si damu.

~~Usipomtaka, kesho nitamrudisha Nyakiriba shambani.~~

Naomba abaki. Tangu dada Claudette aolewe Goma, ni yeye tu ninayezungumza naye humo chumbani.

Nimepeleka michoro Rubona, nitarudi jioni. Vidonge sitavimeza, lakini nimevitia kwenye mkoba wangu. Ni siku nyingi mtu hajakimbia hivyo kwa ajili yangu.

~~Mpwa wako~~
Mutoto wako,
Illuminée