Dada Rukia Amehitimu Uchikano

Fereej Bin Mahmoud, Doha

Kaka Sefu,

Shikamoo. Kifua chako vipi, vumbi la chaki limekuachia sasa? Na Bibi je, bado anakataa miwani huku akimsalimia mbuzi kwa jina la jirani? Sisi huku wazima. Mama yuko zamu za jioni hospitalini, Baba bado analinda mlango wa ukumbi kule chuoni kwa Dada, na mimi ni yuleyule: nasoma sana, nasema kidogo. Joto limeanza. Lango la chuma la jengo letu halishikiki saa sita mchana.

Barua hii anakuletea Bi Shufaa, jirani yetu wa ghorofa ya pili, anayekuja likizo. Ningeweza kupiga simu, lakini nyumba yetu ina vyumba viwili, na haya hayasemeki wakati mhusika yuko chumba cha pili anajipaka wanja. Ndani ya bahasha utakuta picha. Dada yuko katikati na joho lake, wenzake wamemzunguka. Najua swali la kwanza la Bibi litakuwa, "Na mwanangu Hamza yuko wapi?" Ndiyo maana nakuandikia, ili uwe na jibu.

Mwaka huu wa mwisho, juu ya masomo yake ya biashara, Dada alichukua somo la utamaduni wa Wachikano na Walatino. Baba aliposikia mara ya kwanza alidhani ni ugonjwa, akauliza kama una chanjo. Wachikano ni Wamarekani ambao asili yao ni Mexico; Walatino, Amerika ya Kilatini yote. Wengi wa wazee wao walichuma zabibu na mboga katika mashamba ya watu wengine. Jina lenyewe lilikuwa tusi, mpaka vijana wao walipoliokota, wakalipangusa, wakalivaa. Kitabu cha somo hilo nimekisoma mara mbili, maana Dada alikuwa anakitumia kuegemezea kioo. Kwa hiyo elewa, Kaka: Wachikano hawana kosa. Nimewapenda. Wanaonitia kichefuchefu ni hawa waliowasoma.

Wiki iliyopita wahitimu waliandaliwa alasiri moja ili waeleze, mbele ya wazazi na wageni, somo hilo limewapa nini. Mama alikuwa kazini, nikaenda mimi. Baba alikuwepo pia, lakini kwa sare, mlangoni. Tulipofika Dada alinishika mkono akaninong'oneza, "Usiende kumsalimia sasa hivi, yuko kazini." Nikaona ana adabu. Nilikuwa mjinga.

Wa kwanza kusimama alikuwa msichana anayeishi The Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa chenye boti zilizofungwa foleni kama mbuzi wa Idi. Alisema Wachikano wamemfundisha kwamba hata yeye anaishi mpakani. Mpaka gani, hakusema. Labda kati ya kwao na chuo, maana kuna foleni ya magari. Akafuata mvulana mwenye saa kubwa ya dhahabu, akasema tangu alipolisoma somo hili hawezi tena kula chakula cha Kimexico bila kutafakari. Alipigiwa makofi. Kaka, kwa kutafakari huku akila! Wa tatu alilia kabisa kwa ajili ya mikono iliyochuma zabibu. Alipokuwa anashuka jukwaani, machozi hayajakauka, akaona wageni wamesimama nyuma kwa kukosa viti. Akapiga vidole kuelekea mlangoni.

"Rafiq! Rafiq, viti! Yalla, haraka!"

Rafiq ni neno letu lilelile, rafiki, ila huku haitwi hivyo rafiki wa mtu. Anaitwa hivyo yeyote anayebeba, anayefagia, anayefungua mlango. Baba akaja na viti, viwili kila mkono.

Na hapo ndipo Dada alipoitwa.

Kazi yake aliipa jina "Rafiki Asiyeonekana". Alisema alimhoji mlinzi mmoja kutoka Afrika Mashariki, Bwana H. Kisha akasimulia kisa ambacho wewe unakijua kwa moyo, kwa sababu Baba alikusimulia na wewe kwa simu: jinsi siku ya kwanza alivyoitwa rafiq tangu asubuhi mpaka jioni, akarudi nyumbani, akavua viatu, akasema, "Jamani, watu wa huku wakarimu! Siku moja tu nimepata marafiki arobaini." Kisa chetu, Kaka. Kile ambacho Mama hukiomba wageni wakija. Dada alikisimulia kwa sauti ya msibani. Akasema, "Bwana H. hakuwa na elimu ya kutambua kwamba anadharauliwa. Mchikano alilijua tusi lake ndiyo akaweza kuligeuza. Bwana H. hakulijua." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Yule wa zabibu akatafuta tena kitambaa.

Huyo asiye na elimu ndiye aliyemfundisha Dada irabu nyuma ya kalenda ya duka.

Profesa wao, mama mmoja mpole, akauliza, "Na Bwana H. yuko wapi sasa?"

Dada akatazama karatasi yake. Baba alikuwa hatua kumi kutoka kwake, ameshika kiti.

"Nadhani alirudi kwao," akasema.

Natamani ningeweza kukwambia kwamba nilisimama. Nilikuwa na sentensi nzima kinywani, imenyooka, haina kosa la sarufi: Huyo hapo, na ni baba yetu. Nilikuwa nimeipanga vizuri sana. Nikaimeza. Kwa hiyo nikiwadharau wale, ujue safu ya tatu, nilipoketi mimi, nayo imo.

Baba aliweka kiti chini, akamwonyesha mzee mmoja akae, akarudi mlangoni. Walipomaliza, yule mwenye saa akamkabidhi kamera. "Rafiq, picha." Baba akawapanga kama alivyokuwa akipanga darasa la nne enzi za ualimu wake. "Warefu nyuma. Wewe wa kushoto, acha kuchezea kofia. Na wewe binti wa katikati, inua kidevu." Dada akainua kidevu. Ndiyo picha hiyo uliyonayo.

Jioni nilimkuta Baba jikoni anakatakata vitunguu.

"Baba, umekasirika?"

"Kwa lipi?"

"Kwamba Dada amesema hukujua. Ile rafiq."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Mishi, nimefundisha lugha miaka kumi na tisa. Mtu akikuita rafiki huku anakupigia vidole, unahitaji kamusi? Nilijua kabla hajafunga mdomo."

"Sasa mbona ulisema vile?"

"Mama yako wiki ile alikuwa analia kila siku, anataka turudi. Nikatafuta la kumchekesha. Akacheka. Akabaki." Akachukua kisu. "Nipe hiyo nyanya."

Basi hiyo ndiyo shahada tuliyoichinjia mbuzi, Kaka. Ameketi meza moja na mtu huyo miaka yote, amecheka kisa hicho kwa kinywa chake, na baada ya vitabu vyote vile ameamua kwamba aliyekitunga hakukielewa. Amejifunza kuwaona wachuma zabibu wa ng'ambo ya bahari mbili. Mzaha wa baba yake, aliyekaa mbele ya sahani yake, haujui. Kama kusoma ni huku, basi Bibi na mbuzi wake ni maprofesa.

Sijamaliza. Profesa amependa sana kazi hiyo, anataka kuichapisha katika kitabu cha chuo. Lakini sheria yao inataka mhojiwa atie saini kwamba amekubali. Juzi wakati wa chakula Dada akaweka fomu kando ya sahani ya Baba, akasema haraka haraka, "Baba, ni utaratibu tu. Saini hapo chini."

Mama akaacha kutafuna. Mimi nilitazama wali wangu.

Baba akavaa miwani. Akaisoma yote, kurasa mbili. Kosa moja la nukta akalisahihisha, mkono umezoea. Kisha akaanza kujaza, na akawa anasoma kwa sauti kila anachoandika. "Jina: Hamza Sefu Mwinyi. Kazi: mwalimu; kwa sasa, mlinzi." Akafika kwenye mstari unaouliza uhusiano wa mhojiwa na mtafiti. Akasimama hapo. Dada alikuwa anautazama mstari huo. Baba akaandika neno moja, safari hii kimya, akafunika kalamu, akamrudishia karatasi.

"Tayari, mwanangu. Kuna chai?"

Nilichungulia. Alikuwa ameandika: Rafiq. Kwa q yao hiyo, na kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Fomu iko juu ya friji tangu siku hiyo, chini ya kopo la sukari. Profesa amempigia Dada simu mara mbili, hapokei. Jana aliniambia, "Na wewe mtoto usije ukamwandikia Sefu upuuzi." Nikamwambia sitaandika upuuzi.

Msalimie shangazi yetu wa mashine ya kusaga, na baba mdogo fundi baiskeli, mwambie pampu yake bado tunaikumbuka. Mpe pole mjomba kwa mguu. Bi Shufaa mpokeeni vizuri, anapenda mihogo.

Bibi umkalishe penye mwanga, umvishe miwani kwa nguvu, umpe picha. Akiuliza Hamza yuko wapi, mwambie aangalie macho ya hao watoto wote. Yeye ndiye wanayemtazama.

Mdogo wako akupendaye, mwenye sentensi moja aliyoimeza,

Mishi