Siku Ilipokatika Cheni ya Baiskeli ya Mwalimu

Mume wangu Eliya,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Alizeti tumevuna, mama yako mzima. Mimi ndiye nazidi kuisha, kwa hiyo nisikilize upesi.

Unauliza kwa nini watoto unaowafundisha mbio wanaacha mazoezi. Jamani, Eliya! Video yako nimeiona. Unawapulizia filimbi na kuwafokea watoto wadogo kama mbuzi walioingia shambani, halafu unawatajia kombe la mbio nililoshinda mimi bibi yako!

Basi nikiri kabla sijafa: kombe lile sikulipenda hata siku moja. Mwalimu wetu wa mbio alitufuata kwa baiskeli, fimbo mkononi, na aliyebaki nyuma alichapwa. Siku moja cheni ikakatika tukiwa njia ya Misigiri, tunarudi shuleni.

"Kimbieni, nawaona!" akapiga kelele.

Tulipopita kona hakutuona tena. Tungeweza kukaa chini tupumzike. Lakini tulikimbia, tukitaniana, "We Marta, unakimbia kama bata!", mpaka tukaipita shule bila kujua.

Kesho yake cheni ilikuwa imetengenezwa, na fimbo ikarudi nyuma yetu. Baadaye nilishinda kombe, nikamaliza shule, sikukimbia tena.

Siku moja acha filimbi nyumbani, mume wangu. Halafu niandikie kama watoto walicheka, na usichelewe.

Bibi yako