Sauda Ameimba, Busia Haikutazama

Jumatatu, saa nane mchana. Mvua ya asubuhi imeleta matope mpaka kizingitini mwa saluni, na tangu nifungue nimesuka kichwa kimoja tu. Moyo wangu ni mzito. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia, na nyinyi mnaosoma hamnijui.

Mdogo wangu Sauda ametolewa kwenye shindano la kuimba la televisheni, juzi Jumamosi.

Nimeandika "ametolewa" kana kwamba mlijua alikuwemo. Hata hapa Busia ya Uganda, mji aliozaliwa, wengi hawajui.

Zamani hii ingekuwa habari ya mji mzima. Sauda akiwa darasa la saba, msichana mmoja wa Iyolwa, upande wa Tororo, jina lake Adikini, aliingia shindano hilihili, na kila Jumamosi saluni yangu ilifurika. Televisheni yangu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa karibu na barabara. Tuliazima mabenchi ya madrasa. Wenzetu wa Busia ya Kenya walivuka kuja kutazama, na kwa kuwa hapa mpakani kila mtu ana laini mbili za simu, ya Uganda na ya Kenya, nao walimpigia Adikini kura kwa laini zao za Uganda. Mwaka uliofuata kijana wao alipoingia shindano la kwao, tulirudisha wema kwa laini zetu za Kenya. Hakuna aliyetuagiza. Ulikuwa ujirani tu.

Adikini alishika nafasi ya nne. Bodaboda wa hapa walikwenda mpaka Tororo kumpokea, wamefunga matawi mbele ya pikipiki, honi zikilia njia nzima. Sauda alipakiwa kwenye pikipiki ya mwisho, akarudi sauti imemkauka, akaniambia, siku moja na mimi. Nikamwambia inshallah. Nilikuwa namaanisha.

Halafu mashindano yakazaana. La kuimba, la kucheza, la vichekesho, mpaka la kupika. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Lile letu likasimama miaka kadhaa, likarudi na majaji wapya, lakini watu walikuwa wameshahamia kwenye simu. Siku hizi mtu akitaka sauti nzuri anasogeza kidole, anasikiliza nusu dakika, anasogeza tena. Nilimwambia Sauda ajirekodi aweke mtandaoni kama wenzake. Alikataa. Alitaka jukwaa, alitaka majaji, alitaka Busia imkalie mbele kama ilivyomkalia Adikini. Akasubiri lirudi, na liliporudi akaingia kweli.

Sasa nikiri jambo. Jumamosi yake ya kwanza nilikuwa na wateja wawili, na mimi mwenyewe, dada yake wa damu, nilikuwa natazama simu. Nilipoinua kichwa Sauda alikuwa anainama kushukuru. Wimbo wote ulinipita.

Alipopiga akauliza, "Dada, watu walikuja?"

"Saluni ilijaa," nikasema. Ulimi ulinitangulia.

Jumamosi ya pili nilifungua milango yote miwili na kuongeza sauti mpaka spika ikakwaruza. Nikawaita watu kwa majina. Jirani yangu muuza samaki akachungulia, beseni kichwani, akasema, "Hii vitu bado iko? Mimi nalifikiri ilikufa." Akacheka, akaenda. Mzee mmoja mwenye malori, Hajji Musa, aliyewahi kuvunja benchi humu kwa kumshangilia Adikini, alisimama mlangoni kidogo akanipa pole kama mfiwa. "Kila zama na kitabu chake, Mama Rama," akasema. Hata wimbo hakusubiri uishe.

Sauda akapiga. Nikamwambia watu walisimama mpaka nje.

Kufika juzi, Jumamosi ya tatu, uongo ulikuwa umeshanielemea, nikaona angalau niutie ukweli kidogo kwa kura chache. Kila mwanamke aliyekaa kitini nilimwomba simu yake nimpigie mdogo wangu kura. Walinipa bila kuuliza, isipokuwa mmoja aliyeninyang'anya yake haraka. "Kura gani tena? Mimi siasa hapana." Nilipomweleza akacheka, akanirudishia. Nilituma kura kumi na moja, vidole vimejaa mafuta ya nywele, na siwezi kuficha kwamba nilijiona shujaa.

Jioni wakamtoa.

Jana yule mama wa siasa alipita kunionyesha simu yake. Ujumbe wangu ulikuwa umekwama. "Si ulituma na laini ya Kenya," akaniambia. Shindano la Uganda halipokei kura ya laini ya Kenya, na wiki hii bando za Kenya ni nafuu, kwa hiyo kila mtu hapa ameitanguliza laini hiyo. Nikawapigia wengine niliowapata. Ni vilevile. Nimeishi mpakani maisha yangu yote, na kabla ya kumtumia mtu chochote huwa nauliza kwanza, laini ipi? Juzi sikuuliza hata mara moja.

Kura kumi na moja zisingemwokoa. Najiambia hivyo tangu jana. Lakini hakuna anayetangaza alikosa ngapi, kwa hiyo sitajua, na hilo linanitafuna kuliko kama ningeambiwa moja kwa moja kwamba ni mimi.

Leo asubuhi Sauda amepiga. Nilijiandaa kwa kilio, lakini alizungumza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia. Akasema atafika kesho kwa basi la mchana.

"Dada, nakuomba kitu. Waambie watu wasije stendi. Nimewaangusha, sina uso wa kuwatazama. Waambie nitapita kuwaomba radhi mmoja mmoja, nikipata nguvu."

Nikafungua kinywa nimwambie ukweli, kwamba hana deni kwa mtu yeyote katika mji huu. Lakini ili nimwondolee hiyo aibu ingebidi nimwambie kwamba hakuna aliyemwona, wiki zote tatu, na kwamba wimbo wa kwanza hata mimi sikuusikia. Nililigeuza neno hilo mdomoni huku na huku. Halina upande laini.

Kwa hiyo kesho mdogo wangu atashuka kwenye basi na mtandio umemfunika mpaka machoni, atapita vichochoroni kuwakwepa watu wasiomtafuta. Nami nitatembea kando yake nimembebea begi, nikijifanya nachungulia kama njia ni nyeupe.

"Sawa, mdogo wangu," nikamwambia. "Nitawakataza."

Akanishukuru. Akauliza kama watakasirika.

Nikasema hapana, watu wa Busia ni waelewa.