Maji Mliyomchemshia Mgeni

Ilomba, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Kwako mdogo wangu Agnesi,

Kamwene. Kamwene na Mama, kamwene na wote wa hapo nyumbani. Mimi ni mzima, kifua kilichokuwa kinanibana wakati wa baridi kimeachia, na hata kama kisingeachia ningesema ni mzima, maana leo sikushika kalamu kwa habari zangu. Nauliza hali ya Mama na goti lake. Nauliza hali yako. Nauliza hali ya Tumaini, halafu nauliza tena hali ya Tumaini, kwa sababu katika barua yako mwanangu ulimweka mwisho kabisa, chini ya habari za kuku, ukaandika, "Mtoto tumbo lilimsumbua tena lakini sasa anacheza." Tena, Agnesi. Neno hilo nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Hii ni mara ya tatu tangu mvua za mwaka huu zianze. Amekonda? Macho yake yakoje? Anakula ugali au anauchezea tu? Ukinijibu anza na hayo, kuku waje baadaye.

Nimekasirika na sitaficha. Nimekukasirikia wewe kidogo, jumbe nimemkasirikia zaidi kidogo, na mimi mwenyewe kuliko wote. Keti nikueleze, na umsomee Mama polepole, usiruke mahali ninapomtaja.

Unajua kazi yangu hapa ni kuosha chupa za wale watu wa chuo kikuu wanaochunguza maji ya nyanda hizi zote, toka huku Mbeya mpaka huko kwetu Iringa. Lakini sikuwahi kukueleza vizuri chupa zenyewe zinafanya nini. Nilidhani hayakuhusu, na hapo ndipo nilipokosea. Kila chupa naichemsha ndani ya pipa, naifunga kizibo, juu yake karatasi, na siruhusiwi hata kupumulia ndani. Inakwenda kijijini, inajazwa maji ya pale watu wanapochota, inafungwa kikaratasi chenye jina la kijiji, inarudi hapa ndani ya sanduku la barafu. Kisha karani wetu Ezekieli, kijana wa Tukuyu mwenye maneno mengi, anatia maji hayo kidogo kidogo katika vichupa vyembamba vyenye dawa ya rangi ya zambarau. Vinakaa kwenye kabati la joto siku mbili. Maji yakiwa na uchafu wa choo cha mtu au wa ng'ombe, dawa inageuka manjano na kutoa povu, kama pombe ya ulanzi inavyochachuka. Ikibaki zambarau, maji ni salama. Vijiji vyenye manjano mengi vinaandikwa kwenye karatasi ya kupelekwa bomani, na watu wa huko ndio watakaojengewa chemchemi zao kwa saruji na kuwekewa bomba, ili wasichote tena pale ng'ombe wanapokanyaga.

Umeelewa hapo? Mwenye maji mabaya ndiye anayejengewa.

Sasa kumbuka barua niliyokuandikia mwezi ule. Nilisikia jina la Itamba limeingia kwenye safari ya Bwana, huyu mzungu mkubwa wetu, nikafurahi mpaka nikaandika haraka haraka, "Wageni wa kazini kwangu wanakuja kuchukua maji yetu. Tafadhali msiniaibishe." Basi, maneno ni hayo tu. Ningeweza kuandika mengine kumi yenye maana. Nikaandika hayo.

Gari la Bwana, kama mnavyojua wenyewe, lilikwama mtoni kabla ya kufika. Akampa tarishi wa jumbe zile chupa azilete kwa miguu, akamwambia zijazwe maji mnayokunywa, azirudishe upesi. Jioni walikuwa nazo, wakashukuru, wakaondoka.

Kwangu chupa hizo zilifika za kuoshwa, maji ya kupima yakiwa yamekwisha tiwa kwenye vichupa. Nikazimwaga moja moja. Moja ikatoa harufu ya moshi. Si moshi wa sigara wala wa gari. Ni ule moshi wa sufuria isiyo na mfuniko juu ya mafiga, na chini kabisa ya chupa kulikuwa na chembe ya jivu. Nilimwuliza Ezekieli kama amevutia sigara karibu ya chupa zangu, akaumia moyo, akasema yeye ni mtu wa kwaya. Nikasoma kikaratasi. Itamba. Nilicheka peke yangu, Agnesi. Nikasema kumbe hata harufu ya jiko la kwetu inajua kunitafuta. Mjinga mimi.

Siku ya pili yake wakafungua kabati. Manjano, manjano, manjano, kijiji baada ya kijiji. Katikati yao mstari mmoja wa zambarau, hakikugeuka hata kichupa kimoja. Ezekieli akaniita mbele ya watu wote.

"Mama Tumaini, njoo uone maji ya kwenu. Wenzenu wote wa wilaya ile wanakunywa ulanzi. Ninyi peke yenu ndio mnakunywa maji."

Bwana naye akaja, akavitazama mara mbili, akasema chemchemi safi kama hiyo hajaiona tangu aanze kazi, na atamwandikia jumbe barua ya kumsifu. Nikapewa mkono na kila mtu kama mama wa bibi harusi. Nilirudi Ilomba nimeinua shingo, na barua yako ilikuwa inaningoja kwa mwenye nyumba.

Unakumbuka uliyoyaandika? "Dada, hatukukuaibisha. Maji ya bondeni yalikuwa na tope, jumbe akasema haiwezekani wageni wa chuo kikuu wapewe uchafu. Mama akayachuja kwa kitambaa chake cheupe cha kanisani, tukayachemsha mara mbili, tukayapoza, ndipo tukajaza. Kuni za siku tatu zimekwisha kwa ajili ya chupa zako, lakini haidhuru." Halafu kuku. Halafu Tumaini.

Nilikaa kitandani na kitenge changu mabegani, sikukivua. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kulia, nikaona hata kulia ni kupoteza wakati.

Usidhani sielewi. Tumelelewa na mama mmoja. Nani kwetu anampa mgeni maji bila kuyatazama kwenye kikombe kwanza? Mimi na wewe tulimwona Mama akimwaga mtungi mzima siku ya mchungaji, eti jani limeingia, akatutuma bondeni upya na jua lile. Na mimi nikawaambia msiniaibishe. Sasa mngefanya nini? Mmefanya sawasawa na nilivyosema. Ndiyo maana nasema nimejikasirikia mwenyewe kuliko wote. Mzungu aliomba maji tunayokunywa sisi, mkampa maji anayokunywa mgeni. Na hapo kwetu hayo ni maji mawili mbalimbali.

Kesho yake asubuhi nikamwambia Ezekieli yote. Akanitazama kama nimetoka na nguo ya kulalia.

"Mama, chupa haisemi uongo."

"Chupa haijasema uongo," nikamwambia. "Imesema maji yaliyochemshwa ni salama, na hilo tulilijua kabla hamjaja."

Akafunga mlango. Akanishauri ninyamaze. Karatasi ya boma imekwisha pigwa taipu, inaondoka Ijumaa, na Bwana akijua kwamba barua yangu ndiyo iliyoharibu kazi anaweza kunifukuza, maana watu wa kuosha chupa wamejaa mjini. Akasema kwa upole, na najua hakunitakia mabaya, kwamba mwakani watapita Itamba tena. Mwakani. Nikamwuliza kama ana mtoto. Akasema bado. Nikamwambia basi sina la kubishana naye.

Nilikwenda mwenyewe kwa Bwana, na aproni yangu ya mpira bado inachuruzika maji kwenye sakafu yake. Kiswahili chake ni cha kitabuni, kwa hiyo nilisema mara mbili, ya pili taratibu. Nikamwonyesha na barua yako. Akavua miwani.

"Kwa nini walichemsha?" akauliza.

"Kwa heshima, Bwana."

"Mimi niliomba maji."

"Kwetu maji ya mgeni ndiyo hayo, Bwana."

Hapo akakasirika na yeye. Akahesabu barafu, akahesabu siku za njiani, gari kuvutwa na ng'ombe mtoni, yote kwa ajili ya chupa ya maji ya jikoni. Nikasema ndiyo Bwana, ndiyo Bwana. Lakini niliposema basi aandike tu manjano, akatikisa kichwa. Akasema hawezi kuandika asichokiona, akianza kuandika maneno ya mdomoni hata vijiji vingine havitaaminiwa bomani. Agnesi, nilimwelewa na bado damu ilinichemka. Mimi nimekunywa maji yale tangu naachishwa ziwa. Nilimzika Yohane, kaka yake Tumaini, kwa tumbo hilohilo. Yote hayo ni maneno ya mdomoni, na kichupa cha dawa ndicho kinachojua.

Mwisho alichukua wino akaikata Itamba kwenye orodha ya vijiji vyenye maji safi. Barua ya sifa ya jumbe akaichana. Katika karatasi ya boma ameacha nafasi tupu, mstari mmoja, ambamo sisi hatumo wala hatujatoka. Safari hii karatasi haitatumwa, ataibeba mwenyewe. Si Jumatano hii, ni ile inayofuata, kabla ya baraza la bomani Iringa, atapita Itamba na kujaza chupa kwa mkono wake. Mto umepungua, gari litafika. Ezekieli anakuja naye na vile vichupa na kabati dogo la joto, watapimia huko huko Iringa mjini. Mstari usipojazwa kabla ya baraza, karatasi itasomwa bila sisi, na saruji itakwenda kwingine. Habari ya kazi yangu nilipomwuliza, hakusema nibaki wala niondoke. Alisema chupa zinangoja. Nikaenda kuziosha.

Sasa nisikilize kwa masikio mawili, na ukimaliza kusoma umpelekee jumbe barua hii, nami nitamwomba radhi mwenyewe nikija. Jumatano hiyo msifagie njia ya bondeni. Msizibue ile chemchemi, msiondoe majani. Yule jirani yetu mwenye ng'ombe, asiwazuie, wapite na kunywa kama kila siku, na mkitukanana naye kama kila siku pia sawa. Kitambaa cheupe cha Mama kikae sandukuni. Mama, nakuomba, najua itakuuma. Bwana atasimama kwenye tope letu na atayaona yote, na wewe utatamani ardhi ipasuke. Mwache ayaone. Kama mkitaka kumheshimu, mchinjieni kuku, Agnesi anao wengi wa kuandikia barua. Kuku mpikieni. Maji msimpikie.

Nasikia aibu hata mimi ninayeandika haya. Nimekaa hapa najua jinsi Mama atakavyogeuza uso. Lakini aibu ya siku moja nitaibeba.

Nisalimie mjomba mwenye cherehani. Nisalimie mwalimu wa misheni aliyenifundisha kuandika nikiwa mtu mzima, mwambie mkono bado unakwenda upande lakini unafika. Shemeji yangu akirudi kutoka kwenye mashamba ya chai Mufindi, mwambie blanketi alilonipa ndilo limeniponya kifua. Tarishi wa jumbe naye msalimie, hana kosa, alibeba alichopewa.

Nilikuwa nimefunga barua, nimeifungua tena. Kuna jambo moja limekataa kukaa. Hata saruji ikija, haitakuja kesho. Mafundi, mawe, mchanga, pengine mvua nyingine itapita. Na mimi nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilifikiri chupa tu, sikufikiri lililo karibu zaidi. Mlichuja. Mlichemsha mara mbili. Mlitumia kuni za siku tatu na hamkulalamika. Na katika vile vichupa hakikugeuka hata kimoja, Bwana mwenyewe alitazama mara mbili. Najua Mama anasema maji ya kuchemsha yana ladha ya moshi na ni ya mzazi aliyejifungua. Najua kuni ziko mbali siku hizi. Lakini mliweza, kwa mtu msiyemjua jina.

Basi kuanzia siku barua hii inafika, Tumaini ni mgeni wenu. Mpeni maji ya mgeni.

Ni mimi dada yako,
Mama Tumaini