Mchanga Kwenye Dagaa

Buzebazeba,
Kigoma.
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu Winfrida,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na hapo Ilagala mvua zimewaacha, au bado mnaanua dagaa na kuanika tena mara nne kwa siku? Mimi mdogo wako sijambo, afya ninayo, na chumba nilichopanga hakivuji. Namshukuru Mungu, na leo nina watu wengine wa kuwashukuru, ndiyo maana nimekaa kuandika. Kwenye simu nisingeweza. Wewe simu unaiweka sauti kubwa, mwalo mzima wa wavuvi unasikiliza.

Uliniuliza naishije na watoto wa watu hapa chuo cha samaki. Darasani tuko thelathini na watano, na anayenifuata kwa umri ana miaka ishirini na sita. Mimi arobaini na saba, unajua mwenyewe. Dada, sijawahi kuheshimiwa namna ile, na sijawahi kuwa mpweke namna ile. Nikiingia, shikamoo zinatoka kila upande mpaka naishiwa marahaba. Kwenye foleni ya chakula wananisukuma mbele. Binti mmoja, Shadia, mtoto wa Ujiji, kila asubuhi alikuwa ananiletea kiti chenye egemeo na kukifuta vumbi kwa mtandio wake. Lakini wakiwa wanacheka, mimi nikisogea, kicheko kinakatika, wanaanza kuniuliza habari za nyumbani. Nikawa nakula peke yangu kama mkwe aliyekuja kutembelea.

Huyo Shadia unamjua kwa jina. Ndiye niliyekwambia mwezi uliopita kwamba ametuharibia dagaa wa zoezi, kundi zima likapata sifuri. Ukamsema sana. Ukasema watoto wa siku hizi wanafundishwa na hawasikii, nami nikaitikia. Sasa nisikilize vizuri, maana mambo yalikuwa hivi.

Mwalimu wetu Anatoli, kijana wa rika la Jeremia wangu, alitugawa watu watano watano, kila kundi ndoo mbili za dagaa tuwakaushe. Wenzangu wakanifanya mwenyekiti hata sijakaa sawasawa. Elia, kijana wa Kidahwe, akaanza kutandika wavu juu ya kichanja, maana ndivyo tulivyofundishwa, dagaa wasiguse chini. Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Kuna mtu kwenye kundi akasema hayo ni mambo ya vitabuni tu, mchanga umeshashika joto, wamwagwe mchangani na jioni watakuwa wamekauka. Wengine wakatazamana. Dagaa wakamwagwa.

Mwalimu alipokuja kukagua, akachukua dagaa mmoja akamtafuna, mchanga ukalia menoni mwake mpaka sisi tukausikia. Lo! Hakufoka. Aliuliza tu ni nani aliyeamua. Akauliza tena. Ndipo Shadia akanyoosha mkono, akasema ni yeye. Sifuri ikawa ya wote, lakini yeye aliongezewa adhabu. Alikuwa amechaguliwa kwenda na wenzake kwenye maonyesho ya Nanenane, na jina lake likakatwa. Mama yake alikuwa ameshampelekea kitambaa kwa fundi.

Dada, aliyesema mchangani ni mimi.

Wewe na mimi tumeanika mchangani tangu tukiwa wasichana, nikaona watanifundisha nini? Mwalimu alipouliza, niliinama nikajifanya napanga ndoo. Niliwaza watakavyonicheka, mama mzima aliyezeeka na dagaa, leo dagaa wamemshinda. Kisha yule mtoto akanyoosha mkono wake, nami nikamwacha. Nikarudi chumbani, nikakupigia simu, nikamsingizia na kwako pia. Mimi niliyemchapa mwanao Catherine kwa uongo wa kipande cha sukari guru! Nisamehe, dada. Nimeona aibu hata ya kuandika.

Nilikaa hivyo siku tisa. Kila asubuhi Shadia ananiletea kile kiti, shikamoo mama, na mimi nakikalia. Siku ya tisa nilishindwa kukikalia. Begi nilikuwa nimeshafunga, nije zangu nyumbani nikudanganye tena kwamba naumwa. Nikapita kwanza kwa Mwalimu Anatoli nikamweleza yote. Akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba yeye amesikia lakini darasa halijasikia. Basi nikasimama mbele ya wale watoto wote nikasema. Jina la Shadia likarudishwa.

Nilimfuata nje nikamwomba radhi, nikamuuliza kwa nini alibeba lisilo lake. Akasema angeanzaje kukaa akiangalia mtu sawa na mama yake anaaibishwa. Halafu akalia, na hapo ndipo aliponipa ukweli. Alikuwa amenikasirikia siku zote tisa, na kila alipobeba kile kiti alitamani kukitupa. Niliyapokea, haki yake. Jioni nikawaita wote wanne nikawaambia heshima yao naishukuru, ila wakiniona napotea waniambie. Wakaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Nikajua hawataweza.

Juzi tukarudia zoezi. Mimi namimina dagaa kwenye kichanja, naongea huku namimina. Ghafla Shadia akanidaka mkono, akasema weee mama, hapana bwana, unawarundika, wataoza hao! Kisha akajiziba mdomo. Elia akaganda na ndoo yake. Nikaangalia, na kweli nilikuwa nimerundika. Nikawaambia basi njooni mtandaze wenyewe, mbona mmesimama kama mmealikwa? Jamani, wakacheka! Wakacheka mimi nikiwa katikati yao, na hakuna aliyekatisha. Nilicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Tangu siku hiyo nakula nao, na wananibishia kutwa nzima. Sina cha kuwalipa watoto hawa, dada. Naomba Mungu anilipie.

Barua hii atakuletea Nikodemu anayekuja na boti Jumamosi. Nisalimie shemeji, Catherine na wote wanaoniulizia kanisani. Wewe jitunze, na goti lile ulipeleke hospitali. Nina ombi moja tu. Najua uliwasimulia wenzako mwaloni habari za binti aliyeharibu dagaa. Wasimulie upya, na unitaje kwa jina langu.

Mdogo wako akupendaye,

Melania