Taa ya Nyuma ya Pikapu

Kianjokoma, Jumanne

Betri haikuwa mbaya hata kidogo. Wiki nzima pikapu imekataa kuwaka asubuhi, na mimi nimekuwa nikimlaumu fundi bure.

Leo niliingia nyuma, kwenye kibanda chenye kitanda ninacholalia nikienda kuuza nguo Laare, nikajifungia mlango. Taa ya ndani ilipaswa kuzimika. Haikuzimika. Kumbe ndiyo imekuwa ikimaliza betri usiku kucha.

Nikafungua swichi ya mlango, ile inayozima taa mlango ukifungwa. Waya zake mbili zilikuwa zimeunganishwa na kufungwa kwa tepu mpya. Mimi sina tepu kama hiyo.

Nilizitenganisha, nikairudisha swichi mahali pake. Jioni akapita Mutembei, ndugu wa marehemu mume wangu.

"Shemeji, hii gari itakusumbua tu. Niachie mimi."

"Imepona," nikamwambia.

Akatazama chini. "Kwani umefungua hiyo swichi ya mlango?"

Sikuwa nimemtajia mlango, wala swichi.

Akanywa chai yangu yote, akaenda. Kufuli nimebadilisha. Lakini kesho ni ile milima ya kwenda Laare, na breki sijaziangalia.