Neno nililomufundisha Rafaeli

Mama Sifa mupenzi,

Nakusalimia toka Bukavu, mvua haiishi huku. Rafaeli, jirani yetu niliyekuja naye kujifunza kazi ya atelie, amenipita. Muzungu wetu akimaliza kuonyesha mashini ya kukereza chuma, anauliza: «Kompri?», yaani tumeelewa? Mimi nasema: «Bado, Musye, rudilia.» Rafaeli anaitika: «Kompri!» hata kama hakusikia kitu. Leo amevalishwa salopeti mupya, anashika mashini. Mimi nafagia vumbi la chuma kwenye miguu yake. Saa sita akaninong'oneza: «Ndugu, hii wanaizima namna gani?» Nikamuambia aulize Muzungu.

Nikumbatilie watoto. Na usimuambie bibi yake kama ile «kompri» ni mimi nilimufundisha, njiani, mu kamyo.

Petro wako